Barua ya wazi: Tuandikieni njia ya talaka ukutani

Kwa:
Waheshimiwa wasimamizi wa mahakama zinazosikiza kesi za ndoa na talaka,
na wakuu wa ofisi za usajili wa ndoa,
Mombasa.

Waheshimiwa,

KUH: UTARATIBU WA TALAKA KUTOJULIKANA NA WANAOUHITAJI

Nawasalimu kwa heshima. Assalaam aleikum kwa walio Waislamu, na salamu za amani kwenu nyote.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, mkaazi wa Kisauni, mama wa watoto wawili. Sikutaka maneno haya yawafikie mbele za watu. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono, nikaambiwa niiweke juu ya meza. Ya pili nilimkabidhi karani wa masjala, akaitia ndani ya faili ambayo siku ya pili haikuonekana. Ya tatu nilikataa kuondoka mpaka igongwe muhuri, na nakala yangu igongwe pia. Nakala hiyo ninayo. Imepita miezi minane, na sijajibiwa hata kwa simu. Ofisi niliyoiandikia siitaji jina, kwa kuwa nimezungumza na wanawake wa Likoni, Changamwe na Majengo, kila mmoja akataja ofisi yake, na kisa kikawa kilekile.

Niseme mapema kwamba silalamikii hukumu. Kadhi aliyenisikiza alinisikiza kwa subira, na alichohukumu kilikuwa haki. Kesi yangu iliisha kwa vikao vitatu. Lakini kufika mbele yake kulinichukua miaka miwili na miezi minne. Muda wote huo sikuwa nabishana na mume wala na sheria. Nilikuwa natafuta njia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kazi ya kunionyesha.

Mume wangu ni baharia. Safari ya kwanza alituma pesa kila mwezi. Safari ya pili alituma mara mbili. Ya tatu hakutuma kitu, na simu zangu akawa hazipokei. Ikapita miaka minne: sina mume, sina talaka. Kurani inamtaja mke wa namna hii, aliyeachwa kama kitu kilichoning'inizwa, na inawakataza wanaume wasimfanye hivyo. Nilidhani yaliyobaki yatakuwa mepesi. Siku ya kwanza nilifika kabla ya saa mbili asubuhi, cheti changu cha ndoa kimo ndani ya bahasha ya kaki. Karani akanambia nilete madai yaliyochapwa. Nikamuuliza yanaandikwaje. Akanijibu, bila ubaya wowote: "Hayo kaulize huko nje, mama."

Huko nje ndiko nilikojifunza haya ninayowaandikia.

1. Hakuna anayemwambia mtu aanzie mlango upi

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina 5: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Mombasa zote tano zipo, pengine ndani ya jengo moja la kupangisha. Ndoa ya Kiislamu huvunjwa kwa kufuata sheria ya Kiislamu, na kesi yake husikizwa na kadhi. Nyingine huanzia kwa hakimu. Maneno haya hayajazi hata nusu ukurasa, lakini sijayaona yamebandikwa mahali popote ambapo mwananchi anasimama foleni.

Mimi nilijua kwamba kwangu ni kwa kadhi. Asiyejua ni kijana wa saiba, duka la kompyuta, aliyenichapia. Alikuwa na karatasi ya kesi ya Wakristo kwenye kompyuta yake, akabadilisha majina tu. Jina la mahakama likawa siyo, na sababu za talaka zikawa siyo. Masjala wakayarudisha, na walikuwa na haki ya kuyarudisha. Nikalipa mara ya pili.

Jirani yangu ni Mkristo. Huyu alitumwa kwa chifu, chifu akamtuma Mahakama Kuu, na kule akaambiwa arudi kwa hakimu. Alipofika hatimaye akapewa amri ya kuvunja ndoa, akafurahi, akaanza kupanga harusi nyingine. Kilichomwokoa ni mchungaji wake kumuuliza kama ni amri ya mwanzo au ni amri kamili. Hakuwa amewahi kusikia kwamba ziko mbili, na kwamba mtu hajawa huru mpaka aipate ya pili. Angefunga ndoa juu ya ndoa, na hilo kwa mwenye ndoa ya Kikristo ni kosa la jinai.

Wenye ndoa za mchanganyiko ndio huzungushwa zaidi. Kifungu cha 170 cha Katiba kinasema kadhi ana mamlaka pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kusikizwa naye. Katika mji ambao watu wameoana kutoka kila upande, sharti hilo lilistahili kuandikwa kwa herufi za kusomeka kutoka mbali.

Kisha kuna watoto. Mama anapopata talaka yake hudhani yamekwisha yote, ndipo anapoambiwa kwamba kwa matunzo ya mtoto aende mahakama ya watoto ya Tononoka akafungue faili nyingine. Angeambiwa tangu siku ya kwanza angezianza zote mbili pamoja. Katiba, kifungu cha 53, inaweka wajibu wa kumlea mtoto juu ya baba na mama kwa usawa, wawe wameoana au la. Mtoto hawezi kungoja mpaka mamake aijue njia.

2. Wanawake wanaelekezwa kujikomboa pale wanapostahili kufunguliwa

Hili ndilo lililoniumiza kuliko yote, na mtaniwia radhi nikiliandika kwa urefu.

Siku moja mtu wa pale ofisini, nadhani kwa nia njema, alinivuta kando akanambia: "Rudisha mahari, mama, jikomboe, yaishe." Nilirudi nyumbani nikafungua sanduku, nikatoa bangili zangu na mkufu, nikavifunga ndani ya leso nipeleke kwa sonara asubuhi yake. Usiku ule alikuja shangazi yangu. Ni mwanamke wa Mji wa Kale, amesomesha wanawake Kurani tangu mimi sijazaliwa. Akaiona ile leso akauliza. Nikamweleza. Akanitazama kwa muda, kisha akasema: "Utamrudishia nani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Akanikalisha chini, akanisomesha usiku kucha yale ambayo ofisi ya umma ingenisomesha kwa dakika tano. Huko kujikomboa ndiko khului, nayo ni maafikiano: mke hutoa kitu, mume hukubali, ndipo anamwacha. Mume asiyepokea simu atakubali vipi? Lakini mke aliyetelekezwa, asiyepewa matumizi, anayeteswa, au ambaye mumewe ametoweka, ana mlango mwingine, nao ni faskhi. Kadhi husikiza ushahidi na kuivunja ndoa kwa amri yake. Mke wa faskhi hanunui uhuru wake kwa dhahabu yake. Ikiwa sehemu ya mahari ilibaki deni, bado ana haki ya kuidai.

Waheshimiwa, tafadhali fikirieni ni wanawake wangapi hawana shangazi kama wangu. Nimekutana na mmoja pale kivukoni Likoni, muuza mahamri, aliyeuza cherehani yake arudishe mahari kwa mwanamume aliyekuwa akimpiga. Alikuwa na majeraha na alikuwa na mashahidi. Hakuna aliyemuuliza. Aliambiwa bei ya kutoka, akailipa.

Na hata kwa talaka ya kawaida, anayoitoa mume mwenyewe, wangapi wanajua haki zao? Talaka ya kwanza na ya pili zikiwa rejea, yaani mume bado anaweza kumrudia mkewe, mke yumo ndani ya eda, kipindi chake cha kungoja, na Sura ya Talaka inakataza asitolewe nyumbani. Matumizi yake na makaazi yake ni juu ya mume mpaka eda iishe, nayo ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi baina ya hedhi, au mpaka ajifungue akiwa na mimba. Hapa kwetu mwanamke huachwa magharibi, na isha imkute kwa mamake na begi lake. Siku hizi tunaiona ndiyo desturi. Dai la matumizi ya eda, dai la mahari yaliyobaki, dai la kitoka nyumba, yaani kiliwazo cha kuachwa, ambacho Kurani imewaagizia wanawake walioachwa: yote haya hudaiwa mahakamani, na asiyejua huondoka bila kuyadai.

3. Tunaapa kwa maneno tusiyoyaelewa

Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Karatasi zote nilizopewa zilikuwa kwa Kiingereza.

Mimi nimesoma hadi kidato cha nne, na Kiingereza nakisoma. Lakini kile cha mahakamani ni kingine. Nilipelekewa hati ya kiapo nitie sahihi, nikaambiwa ni "kawaida tu", wakili wa viapo akagonga muhuri, nikalipa, nikaondoka. Wiki tatu baadaye mwalimu mwenzangu, aliyesoma kunizidi, aliipitia. Aya ya saba ilisema mume wangu alikuwa akinipiga mara kwa mara na kwamba nililazwa hospitali.

Mume wangu aliniacha. Hakunipiga hata siku moja. Ile aya ilikuwa ya mwanamke mwingine, kijana wa saiba alisahau kuifuta. Na mimi nilikuwa nimeapa kwa jina la Mungu kwamba ni kweli.

Sikulala usiku ule. Siku ya kikao nilimweleza kadhi mwenyewe, nikiwa natetemeka, naye akaelekeza aya ile iondolewe na karatasi ziandikwe upya. Namshukuru. Lakini ingekuwaje kama nisingegundua? Mume wangu angepachikwa uovu asioufanya, watoto wangu siku moja wangeusoma ndani ya faili, nami ningekuwa nimeapa uongo bila kujua. Haya yote kwa sababu ya lugha, katika mji ambao Kiswahili ndiko kwao.

4. Faili hulala kwa kukosa neno moja

Nilipoleta madai yaliyo sawa, nikaambiwa mlalamikiwa apelekewe samansi. Yuko wapi? Baharini. Basi faili ikalala miezi saba.

Nilikuja kujua ukweli kwenye hitima ya jirani, kutoka kwa wakili kijana niliyekaa karibu naye. Aliniambia kwamba tangu 2020 kanuni za kesi za madai zinaruhusu samansi ipelekwe kwa barua pepe, na hata kwa ujumbe wa simu kama WhatsApp. Na mtu asipopatikana kabisa, mahakama inaweza kuruhusu tangazo gazetini. Nambari ya mume wangu ilikuwa hai muda wote. Picha yake ilikuwa ikibadilika. Miezi saba faili yangu ilingoja kitu kilichokuwa ndani ya mkoba wangu.

5. Talaka isiyo na karatasi

Hapa nazungumza hasa na wakuu wa usajili. Sheria ya 2014 inamtaka kadhi, sheikh au imamu anayetoa hati ya kuvunja ndoa ya Kiislamu apeleke nakala kwa msajili. Mtaani kwangu niliwauliza maimamu watatu. Mmoja tu ndiye aliyejua. Wawili walinishukuru kwa kuwaambia, na ni watu wema, wanaosimamia ndoa zetu na kutupatanisha bila kulipwa chochote. Hawajaambiwa.

Matokeo yake ni haya. Mwanamke anaachwa kwa maneno, au kwa ujumbe wa simu. Anakaa eda yake. Miaka miwili baadaye anapata mchumba, anaulizwa cheti cha talaka, hana. Anamrudia mume wa zamani amwandikie, naye anasema: "Mimi sikukuacha." Simu iliyokuwa na ule ujumbe ilishaharibika. Anaanza kesi upya kuthibitisha jambo ambalo mtaa mzima unalijua.

Yako mazito zaidi. Mke aliye ndani ya eda ya talaka rejea bado ni mrithi mumewe akifa. Eda ikishapita, si mrithi tena. Kwa hiyo tarehe ya talaka ndiyo inayoamua nani anarithi nyumba. Nimehudhuria matanga ambapo wanawake wawili waligombana kabla udongo wa kaburi haujakauka, mmoja akisema talaka ilitoka Rajabu, mwingine akisema ilitoka baada ya Ramadhani. Wote wawili walikuwa wakisema kweli kwa walivyosikia. Karatasi moja yenye tarehe ingewanyamazisha, na watoto wa marehemu wasingeyashuhudia yale.

6. Pesa zisizo na risiti

Ada ya mahakama sina neno nayo. Nimelipa kwa M-Pesa, risiti ninayo, na haikunishinda. Neno langu ni hizi nyingine: shilingi 1,500 za kuchapa, tena 1,500 za kuchapa upya, 500 za kiapo, tena 500 za kiapo cha pili, 2,000 za mtu aliyesema atapeleka samansi na hakuipeleka, 1,000 za mtu aliyesema "anaifuatilia faili". Jumla shilingi 7,000. Mshahara wangu wakati ule ulikuwa shilingi 9,000 kwa mwezi. Watu hawa hawasimami ndani ya ofisi zenu, wanasimama langoni. Lakini riziki yao inatokana na sisi kutojua, na kutojua kwetu kunaanzia ndani.

Kifungu cha 48 cha Katiba kinataka kila mtu aifikie haki, na ikiwa kuna ada isiwe ya kumzuia. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 kwa asiyejiweza. FIDA, shirika la mawakili wanawake, wako hapahapa Mombasa. Katika miaka miwili ile hakuna hata mtu mmoja aliyenitajia lolote kati ya hayo.

Kuhusu mali ya ndoa nitasema kidogo tu, kwa sababu mimi na mume wangu hatukuwa nayo. Wengi bado wanaamini kila kitu hukatwa nusu kwa nusu. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba sivyo: kila mmoja huthibitisha mchango wake. Na mchango, kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, si pesa tu, ni pamoja na kazi za nyumbani na malezi ya watoto. Mwislamu naye anaweza kufuata sheria ya dini yake katika jambo hilo. Mama aliyepika na kulea miaka 20 anahitaji kuambiwa hili kabla hajasema mbele ya hakimu kwamba yeye "hakuwa akifanya kazi".

Sasa, Waheshimiwa, najua majibu ambayo huenda nikapewa, kwa kuwa mengine nimeshapewa mdomoni.

Nitaambiwa karani si wakili, hawezi kutoa ushauri wa kisheria. Ni kweli, na sitaki anishauri niachike au nisiachike. Lakini makanga wa Mwembe Tayari hukuonyesha matatu ya Kisauni bila kukuuliza unakwenda kumwona nani. Kunambia ni fomu ipi, inalipiwa shilingi ngapi na inapelekwa dirisha gani ni kunionyesha njia.

Nitaambiwa mambo yote yako kwenye intaneti. Tangu 2024 kesi zinafunguliwa kwa mtandao nchi nzima, na hilo ni jema. Lakini ukurasa huo unamtaka mtu awe tayari anajua anachokitafuta, na kwa Kiingereza. Muuza mahamri wa Likoni hataufungua. Atakwenda kwa kijana wa saiba, na kijana wa saiba ndiye aliyeniapisha uongo.

Nitaambiwa kesi ni nyingi na makadhi na mahakimu ni wachache. Nakubali, nimewaona wakifanya kazi mpaka adhuhuri bila kuinua kichwa. Lakini ni mara ngapi kwa siku karani mmoja anaulizwa swali lilelile? Ni kesi ngapi zinarudishwa kwa sababu ya kichwa cha karatasi kuandikwa vibaya? Anayekuja akiwa anajua njia hampotezei mtu wakati.

Na nimeambiwa, na mzee mmoja ninayemheshimu, kwamba watu wakijua njia ya talaka, talaka zitazidi. Mzee wangu, kwa heshima yote, sikubali. Kijana mmoja wa Likoni alimwandikia mkewe talaka tatu kwa ujumbe mmoja, kwa hasira, usiku. Asubuhi analia. Alidhani talaka isiyotamkwa mara tatu haihesabiki. Angejua kwamba moja inatosha, na kwamba ndani ya eda ana nafasi ya kumrejea mkewe, angekuwa na siku nyingi za kutulia. Wangejua kwamba dini inaagiza mpatanishi mmoja kutoka upande wa mke na mmoja kutoka upande wa mume kabla ya kufika huko, huenda wasingefika. Utaratibu wa talaka una vituo vya kumsimamisha mtu, na asiyeujua huvipita vyote bila kuviona.

Mahakama za kadhi tulizitetea mwaka 1963 kabla ya bendera kupanda, zikaingizwa katika makubaliano ya uhuru. Tukazitetea tena 2010, Katiba mpya ilipopigiwa kura na wengine wakataka ziondolewe. Mamangu alipanga foleni tangu alfajiri siku ile kwa ajili yake. Wanawake waliozipigia kura wanastahili kuingia ndani yake bila kupapasa.

Kwa hiyo naomba haya:

1. Karatasi moja kwa Kiswahili, yenye maandishi makubwa, ibandikwe mlangoni mwa kila mahakama inayosikiza talaka na kila ofisi ya usajili Mombasa: ndoa gani inakwenda mahakama gani, hatua zake kwa mpangilio, na haki ambazo mtu anaweza kudai.

2. Ada zote rasmi ziandikwe kando yake, pamoja na onyo kwamba malipo yasiyo na risiti si ya mahakama.

3. Fomu za madai na hati za kiapo za kesi za talaka zipatikane kwa Kiswahili bila malipo, na mtu asomewe anachokiapia kabla ya kutia sahihi.

4. Kila mwanamke anayekuja kudai talaka aulizwe sababu kwanza, kabla ya mtu yeyote kumtajia kurudisha mahari.

5. Msajili awaite masheikh na maimamu wa mitaa, hata kwa asubuhi moja tu, awaeleze wajibu wa kupeleka nakala za talaka, na awape daftari la kuziandika.

6. Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30, hata kama jibu ni hapana.

Ombi la kwanza nimelianza mwenyewe. Nimeambatisha rasimu ya karatasi hiyo, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho mzazi yeyote wa darasa langu atakielewa. Wakili yule wa hitimani ameipitia, na shangazi yangu ameipitia upande wa dini. Mkiona kosa, lisahihisheni kwa kalamu nyekundu mnirudishie. Mkiona iko sawa, niruhusuni niichapishe kwa pesa zangu, nije niibandike mimi mwenyewe.

Nitakuja Jumatatu ya kwanza baada ya siku hizo 30 kwisha, saa tatu asubuhi, na nakala yangu yenye muhuri wenu.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa chekechea,
Kisauni, Mombasa.

Nakala: Kamati ya watumiaji wa mahakama, Mombasa.
Viambatisho: nakala za barua tatu za awali, rasimu ya karatasi ya maelezo, ukurasa 1.